Ukiona usukani unacheza, usianzie kwenye usukani

Toleo hili nimeamua nisichanganye mambo. Barua zilizokuja karibu zote zinalia kitu kimoja, gari ya zamani yenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kutoka tairi hili mpaka lile) inatembea vizuri tu alafu ghafla matairi ya mbele yanaanza kupiga kushoto kulia kushoto kulia na usukani unataka kukutoka mikononi. Wengine mnaita kutetemeka, wengine kucheza, kuna aliyeandika gari yake inapandwa na mashetani. Nimechagua barua tano, na nawaomba msome zote hata kama gari yako siyo iliyotajwa maana dawa ya mmoja inamsaidia na mwingine.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Ford Model A ya 1930 aliyoniachia babu. Kwenye lami nzuri inaenda hadi kilomita 60 kwa saa bila tatizo ila nikikanyaga shimo hata dogo tu usukani unaanza kupiga kwa nguvu mpaka taa za mbele zinacheza, na hautulii mpaka nipunguze karibu kusimama. Nimeshakaza stelingi boksi, lile boksi la gia za usukani, mpaka usukani umekuwa mgumu lakini wapi. Nimeshauriwa ninunue shokapu ya stelingi, ile ya kuutuliza usukani, nifunge yaishe. Nifunge?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifunge, na hiyo stelingi boksi irudishe ilivyokuwa leo hii kabla hujaitoa gari nje. Meno ya ndani ya boksi yanalika zaidi pale katikati, maana ndo usukani unakaa hapo muda mwingi ukienda moja kwa moja, sasa wewe ukikaza mpaka plei (ule ulegevu) ya katikati iishe, ukikata kona kule mwisho ambako meno bado mazima inabana, na usukani uliobana haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Umeongeza hatari juu ya hatari. Na kikubwa zaidi ugonjwa wako hauko pale. Kati ya boksi na tairi kuna maungio chungu nzima, kila moja likiwa na plei kidogo tu, ukijumlisha tairi lina uhuru wa kucheza linavyotaka hata kama boksi ni jipya.

Ngoja nikueleze kinachotokea maana ukikielewa hutahangaika kununua vitu hovyo. Ekseli ya gari yako ni chuma kimoja kutoka tairi hili mpaka lile, kwa hiyo tairi la kushoto likipanda kitu ekseli nzima inalala na tairi la kulia nalo linalala. Sasa tairi linalozunguka ni sawa na pia ile ya kuchezea watoto. Pia ikiwa kwenye kasi ukiisukuma ilale hailali ulikoisukuma, inageukia upande mwingine. Tairi nalo hivohivo, ukililaza linajibu kwa kukata kona kwenye kingpini yake (ile pini iliyosimama ambayo tairi linageukia), likishakata kona linailaza ekseli upande wa pili, ekseli ikilala linakata tena, basi wanalishana hivo hivo na kila mmoja anampa mwenzake nguvu. Ndo maana kwenye lami nzuri hupati kitu alafu shimo moja linaamsha yote. Shimo ni kiberiti tu, petroli ni plei uliyonayo kwenye maungio, na ukiongezea matairi mabovu na shokapu zilizokufa moto hauzimiki mpaka ukaribie kusimama, kama ulivyosema mwenyewe.

Sasa kazi. Anzia chini, panda juu. Matairi kwanza, na usinirukie hapa maana watu wengi wanaona aibu kuanza na upepo, wanataka kushusha ekseli. Model A inataka paundi 35, pande zote mbili sawasawa, pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Alafu fanya hivi: ongeza paundi 5 mbele, endesha barabara ileile kwa spidi ileile. Kama kucheza kumehamia spidi nyingine au kumepungua, tayari umejua matairi yana mkono kwenye hii kesi. Rudisha 35 alafu hamisha matairi ya mbele yapeleke nyuma na ya nyuma yalete mbele, kwenye gari yako yanaingiliana. Ukiona tabia imebadilika, umeshampata mshukiwa bila kununua hata bushi moja.

Gari hizi zinakaa sana bila kutembea, tairi linasimama mahali pamoja miezi na miezi linakuwa na ubapa pale lilipokanyaga. Piga jeki, weka stendi chini ya ekseli (jeki peke yake usiiamini hata dakika moja), simamisha kitu chochote kilichonyooka karibu na tairi, hata penseli iliyofungwa kwenye tofali, zungusha polepole uangalie nafasi kati ya penseli na tairi. Angalia kwa pembeni na kwa juu. Mimi nikiona inapanda na kushuka zaidi ya milimita 3 siendelei na kitu kingine chochote mpaka nijue ni tairi halikukaa vizuri kwenye rimu, au rimu yenyewe imepinda, au kuna spoki iliyokatika.

Alafu balansi. Gramu 50 tu zilizozidi upande mmoja kwenye ukingo wa rimu ya inchi 19, ukiwa kilomita 60 kwa saa, zinavuta kwa nguvu kama ya kilo 2 na nusu, na tairi lako kwenye spidi hiyo linazunguka mara 7 hivi kila sekunde. Yaani ni kama mtu kalishika tairi analivuta na kuliachia mara 7 kwa sekunde. Ukifika 90 hiyo kilo 2 na nusu imeshakuwa karibu 6, maana nguvu hii inakua haraka kuliko spidi yenyewe. Kama huna mashine ya kubalansi unaweza kufanya na ekseli yako: legeza breki zisiguse kabisa, toa grisi nzito kwenye beringi weka mafuta mepesi, zungusha tairi uliache lisimame lenyewe. Likisimama mara tano na sehemu ileile ikiwa chini, hapo ndo pazito, bandika uzito upande wa juu kidogo kidogo mpaka lisimame popote. Ukimaliza usisahau kurudisha grisi na kurekebisha breki.

Tairi likiwa bado juu, shika juu na chini ulitikise. Kuna plei? Usikimbilie kusema kingpini. Mwambie mtu akanyage breki alafu tikisa tena. Plei ikipotea ilikuwa beringi ya habu (kitovu cha gurudumu), maana breki imeunganisha ngoma na sahani yake kwa hiyo habu haiwezi tena kucheza peke yake. Plei ikibaki ni kingpini na bushi zake. Hiki kipimo cha dakika moja kimeokoa kingpini nyingi ambazo zingetolewa bila kosa.

Ukimaliza shusha gari ikanyage chini, mwenzako akae ndani autikise usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, siyo kukata kona, we lala chini na kidole. Namaanisha kidole kweli. Weka kidole gumba nusu kiwe kwenye kichwa cha ungio nusu kwenye fimbo inayoingia. Macho yanadanganya kwenye giza la chini ya gari lakini kidole kinasikia chuma kimoja kikitangulia na kingine kikifuata nyuma. Pita ungio moja moja kutoka mkono wa stelingi boksi mpaka kwenye tairodi zote mbili, yaani vichwa vya ile fimbo inayounganisha matairi ya mbele. Kwenye Model A yale maungio yana springi na vikombe ndani, ukichomoa spilitipini unakaza plagi mpaka mwisho, alafu unairudisha mpaka tundu la pini lilingane, unafunga. Kama mpira wenyewe, ule wa chuma ulio ndani ya ungio, umelika umekuwa kama yai hakuna kukaza kutakakosaidia, badilisha.

Usiishie hapo. Ule mkono mkubwa wenye umbo la V unaoshika ekseli unakwenda kuishia kwenye mpira mmoja chini ya nyumba ya flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini). Mpira huo ukiwa na plei ekseli nzima inatembea mbele nyuma na hakuna alaimenti yoyote inayoweza kukaa. Alafu sheko (vipande vinavyoshika ncha za springi) na bushi za springi, alafu zile shokapu zenye mkono wa chuma, Model A ilitoka kiwandani na za Houdaille. Fungua kiungo chake, sukuma mkono wake juu na chini, inatakiwa ikukatalie taratibu pande zote mbili. Ukiona unapanda na kushuka kama bawaba ya mlango, ndani hamna mafuta au imekufa, na hiyo ndo kazi ya kuuzima moto ambayo unataka kumpa shokapu ya stelingi.

Niwape kisa changu. Niliwahi kupokea gari ya aina hii ambayo mwenyewe alikuwa ameshabadilisha kila kitu, kingpini mpya, tairodi mpya, matairi mapya, na bado inapiga. Nilikaa nayo wiki tatu. Siku moja nimelala chini mwenzangu anatikisa usukani, mwanga wa tochi ukapita kwenye chesisi pale boksi ya stelingi inapofungwa, nikaona duara ya unga mwekundu wa kutu kuzunguka ribiti moja. Kutu ya kawaida inatanda, haikai duara safi kuzunguka kichwa cha ribiti. Nikaweka kidole, boksi yote ilikuwa inatembea kama unene wa kucha kila usukani ukitikiswa. Ribiti nne zilitolewa, tukafunga bolti zinazokaa kwenye tundu bila nafasi, na ule ugonjwa haukurudi. Tangu siku hiyo naangalia unga mwekundu kabla ya kufungua kitu chochote.

Mwisho pima tou, yaani matairi kwa mbele yawe yamekaribiana kidogo kuliko kwa nyuma, kwenye Model A ni kama milimita 1 na nusu. Na tafadhali sana badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, endesha, andika, ndo uende kingine. Ukibadilisha vitano siku moja ikapona hutajua kilichokuponya, na ikirudi mwakani unaanza upya.

Kuhusu ile shokapu ya stelingi, tatizo lake ni kwamba inafanya kazi. Inaficha. Mpira wa tairodi unaendelea kulika huku mikono yako haisikii chochote, mpaka siku unachomoka. Gari ikishapona bila shokapu hiyo utaona mwenyewe huihitaji.

SWALI: Habari za kazi fundi. Gari ni ya mume wangu lakini siku hizi naendesha mimi. Ni ya mwaka 1928. Juzi ilianza kupiga nikiwa na watoto nyuma, nikashtuka nikakanyaga breki kwa nguvu ikawa mbaya zaidi. Ikinitokea tena nifanye nini pale pale?

JIBU: Pole sana dada yangu, na hukukosea kushtuka, mtu yeyote angeshtuka. Ukikanyaga breki kwa nguvu uzito wote wa gari unakimbilia mbele, juu ya yale matairi mawili yanayogombana, na kama breki za mbele hazishiki sawa upande mmoja unavuta kuliko mwingine unazidi kuwasha. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Usukani ushike kwa mikono miwili, uushike imara lakini usipigane nao, na dole gumba liwe nje ya mduara wa usukani usilizungushie ndani, maana spoki za usukani ukirudi ghafla zinaweza kulivunja. Acha gari ipungue yenyewe, breki gusa kidogo kidogo tu, na mara nyingi ikishuka chini ya spidi fulani inakata yenyewe ghafla kama imezimwa swichi.

Ikishatulia simama kabisa mahali salama, zunguka matairi ya mbele uangalie kama kuna lililopungua upepo, shika tairodi kwa mkono uitikise. Kikiwa kimechomoka au kinaning'inia kitu gari haitembei tena, inabebwa. Na kama kila kitu kiko mahali pake rudi nyumbani chini ya spidi ile iliyoanzia na isitoke tena mpaka ipimwe. Watoto wasipande kwa sasa, hilo nakuomba.

SWALI: Kaka fundi, Model T yangu haipigi kama hizo mnazosimulia, yangu inayumba. Naenda kulia inataka kwenda zaidi kulia, nikirudisha inapitiliza kushoto, muda wote nacheza na usukani. Nikikata kona hairudi yenyewe lazima niivute. Na wakati mwingine usukani unapiga mara mbili tatu ukiachia. Ilifanyiwa matengenezo makubwa kabla sijainunua.

JIBU: Hiyo sentensi ya mwisho ndo imenishtua kaka. Gari inayokataa kurudi kutoka kwenye kona, alafu ilishafumuliwa mbele ikafungwa upya, jambo la kwanza la kuangalia ni mlalo wa kingpini, mafundi tunaita kasta. Kingpini haisimami wima kabisa, kichwa chake kinalala nyuma kidogo. Umewahi kuona gurudumu dogo la kiti cha ofisini linavyojipanga lenyewe nyuma ya mhimili wake ukisukuma kiti? Ndo kazi hiyohiyo, tairi linavutwa nyuma ya mstari wa kingpini kwa hiyo linajinyoosha lenyewe. Sasa kingpini ikisimama wima unapoteza huo msaada, na ikilala mbele badala ya nyuma inakuwa kinyume kabisa, tairi linataka kugeuka lipinduke, na kwenye Model T hilo ni jambo la hatari kubwa maana gia zake za stelingi ni fupi sana, zile za zamani uwiano wake ni 4 kwa 1 na za miaka ya mwisho 5 kwa 1, usukani ukigeuka kidogo tairi limegeuka sana.

Inavyotakiwa Model T ilale kama digrii 5 na nusu. Kupima huhitaji mashine. Weka gari kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yanyooke, chukua ubao mnyoofu wa milimita 250 uuegeshe sambamba na kingpini, alafu teremsha kamba yenye uzito kutoka juu ya ubao. Chini ya ubao pima umbali mpaka kwenye kamba. Digrii 5 na nusu kwenye urefu huo inakupa kama milimita 24. Ukipata 10 kuna kitu kimepinda. Ukipata kamba iko upande usiotakiwa usiendeshe hiyo gari hata mita mia.

Kinachopinda mara nyingi ni ule mkono wa V, hasa kwenye gari zilizowahi kugonga ukingo. Ikumbuke pia kwamba mkono huo kwa magari ya kabla ya 1919 ulifungwa juu ya ekseli na baadaye ukahamishiwa chini yake, na watu wanaojenga gari kwa vipande vya magari matatu tofauti wanachanganya, inaingia lakini hesabu ya mlalo inakuwa siyo yake. Mpira wa mwisho wa mkono uko chini ya injini, una kofia na springi, shika mkono uuvute mbele nyuma kwa nguvu zako zote, usisogee.

Kile kipimo cha breki nilichomwambia kijana wa Model A kwako hakifanyi kazi maana Model T haina breki za mbele. We angalia kwa macho ule mwanya kati ya ekseli na kipande kinachobeba tairi wakati mwenzako anatikisa tairi juu na chini. Mwanya ukifunguka na kufunga ni kingpini na bushi. Mwanya ukitulia na tairi linacheza ni beringi. Na kuhamisha matairi mbele nyuma napo kama bado una yale ya asili usijaribu, mbele ni inchi 30 kwa 3 na nyuma ni inchi 30 kwa 3 na nusu, hayaingiliani. Yale matairi membamba yanataka upepo mwingi, paundi 55 mpaka 60, ukiyapa 30 kwa kufikiri gari itakuwa laini unaliumiza tairi na linaweza hata kuhama kwenye rimu.

Vile vikombe vinavyoshika mipira ya fimbo za stelingi vikishakuwa na plei kuna njia ya zamani ambayo Ford wenyewe waliielekeza, unakwangua kwa tupa zile nyuso mbili za kikombe zinazokutana ili zikikazwa zikumbatie mpira zaidi. Inafanya kazi, ila ikiwa mpira bado ni mviringo. Pima mpira kwa kalipa pande mbili kabla hujashika tupa. Tou weka kama milimita 5 au 6, na kama magurudumu yako ni ya spoki za mbao yasikilize ukisukuma gari kwa mkono, yakilia kama kitanda cha zamani mbao zimekauka zimelegea. Wengine wanamwagia maji usiku kucha, yanavimba yanakaa kimya wiki mbili alafu yanarudi kulia, hiyo siyo dawa, gurudumu la mbao zilizolegea linajengwa upya na mtu anayejua mbao.

SWALI: Fundi, nimekuwa nikijiuliza, magari ya miaka ya 1910 yalikuwa na teknolojia ndogo kuliko ya 1925, mbona wazee wanasema ya 1925 ndo yalicheza zaidi? Si yalitakiwa kuwa bora?

JIBU: Swali zuri mno, na wazee wako sahihi. Gari ya 1910 ilikuwa na tairi jembamba gumu lenye upepo mwingi, springi ngumu ambazo majani yake yanasuguana mpaka zinajizuia zenyewe, na mwisho wa ekseli hakukuwa na kitu kizito zaidi ya gurudumu. Ilikutesa mgongo lakini haikucheza sana, na spidi yenyewe ilikuwa ndogo.

Kuanzia kama 1923 vikaja vitu viwili kwa wakati mmoja, tena vyote vizuri. Matairi manene ya upepo mdogo, na breki za matairi ya mbele. Tairi nene linanesa kama mpira, linapokea shimo vizuri lakini linarudisha, na lina uzito zaidi unaozunguka kwa hiyo ile tabia ya pia inakuwa na nguvu. Breki zikaongeza ngoma na sahani kila upande kule mwisho kabisa wa ekseli. Watengenezaji wakaona tairi ni laini basi wakalainisha na springi ili abiria afurahi. Ukiviweka pamoja umetengeneza kengele kubwa iliyo tayari kulia. Hata jina lililotumika kwa Kiingereza na Kifaransa kwa ugonjwa huu, shimmy, lilichukuliwa kwenye dansi ya miaka hiyo ya kutikisa mabega, na kweli ukiiona gari mbele inavyotikisika ndo hivohivo.

Kosa kubwa la kipindi kile, ambalo naliona mpaka leo, ni kuongeza kasta. Gari ikicheza mtu anachukua kabari anaipiga kati ya springi na ekseli ili kingpini ilale nyuma zaidi, kwa imani kwamba ikilala zaidi itatulia zaidi. Kwa gari inayoyumba kama ya huyo kaka wa Model T ni sawa, lakini kwa gari inayopiga unaongeza nguvu ya tairi kujirudisha katikati kwa kishindo, linapitiliza, linarudi tena. Tairi nene lenyewe linapokanyaga tayari linajivuta nyuma kidogo kwa hiyo linahitaji kasta ndogo kuliko lile jembamba. Nimeponya gari zaidi ya moja kwa kutoa kabari aliyoweka mtu mwingine, bila kuongeza chochote. Kama springi iko juu ya ekseli, kabari yenye unene upande wa nyuma inalaza kingpini nyuma, unene ukiwa mbele inaisimamisha. Angalia kabla hujagonga.

Wahandisi walihangaika nayo kweli. Mwaka 1925 Mfaransa Broulhiet aliandika kuhusu ugonjwa huu na jinsi tairi linavyoteleza kwa pembeni likikata kona, na hapo ndo watu walianza kuielewa kwa hesabu. Lancia walishatoa Lambda mwaka 1922 ambayo kila tairi la mbele linapanda peke yake bila kumlaza mwenzake, na Marekani walikuja kwa wingi 1934, Cadillac na Buick wakaacha ekseli nzima mbele, kazi ambayo ndani yake alikuwepo Maurice Olley aliyetokea Rolls-Royce. Tairi linapopanda bila kulala ile pia haina cha kujibu. Ford wa Marekani walibaki na ekseli nzima mpaka walipoleta gari ya mwaka 1949, na ukizishika vizuri zile za kwao zinatulia kabisa, kwa hiyo usimwache mtu akuambie ekseli nzima lazima icheze.

SWALI: Za leo fundi. Austin 7 yangu nimebadilisha kingpini na bushi zote mpya, nimepaka grisi, bado inapiga nikifika kilomita 40 kwa saa. Nimekata tamaa.

JIBU: Usikate tamaa, kuna sehemu moja umeiruka na wengi wanairuka. Kingpini mpya na bushi mpya vinaangalia pale kipande cha tairi kinapozunguka, lakini kingpini yenyewe inatakiwa ikae imara ndani ya jicho la ekseli, isizunguke wala kutikisika humo. Miaka mingi jicho la ekseli linapanuka linakuwa la yai, na kingpini mpya ya kipimo kilekile inaingia humo kwa ulaini kama kijiko kwenye uji. Chomoa tena, safisha jicho kwa petroli likauke, ingiza kingpini kavu bila grisi uitikise kwa vidole. Ukisikia tik-tik ndo hapo. Jicho linapanuliwa kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) likae mviringo na kuwekewa kingpini nene zaidi au kuvalishwa bushi ya chuma, kazi ya mashine na ya mtu makini, maana ukitoboa kwa pembe mbaya umeharibu na mlalo wote.

Alafu mikono miwili inayoshika ekseli inakutana kwenye mpira pale mbele ya chesisi, uvute kama nilivyosema kwa Model T. Na juu ya springi yako ya mbele kuna shokapu ya msuguano, ile ya visahani vinavyobanwa na nati, haina mafuta wala gesi, kazi yake yote ni msuguano. Mtu aliyekuja na bomba la grisi akaona chuma na chuma vinasuguana akavionea huruma akavipaka, hapo amezima breki ya ekseli nzima. Fungua, osha visahani mpaka vikauke kabisa, kama vimelowa mafuta ndani badilisha. Funga, kaza nati mpaka ukisukuma mbele ya gari chini kwa mikono miwili na kuachia ipande mara moja tu itulie. Endesha hadi 40. Ikianza kupiga ongeza robo ya mzunguko, jaribu tena barabara ileile, mpaka upate pale inapotulia bila springi kuwa ngumu kama ubao, alafu weka alama ya rangi kwenye nati ili ujue ikilegea.